Bwana Harusi Amechelewa

Wote kumi walisinzia. Mahubiri ya wale wanawali nimeyasikia tangu nikiwa shule ya Jumapili, na mara nyingi mhubiri huwagawa mafungu mawili pale mwanzoni kabisa: watano macho, watano usingizini. Mathayo hasimulii hivyo. Kwake bwana harusi anakawia, usiku unakuwa mrefu, na wanawali wote wanalala, wenye busara kwa wapumbavu. Kelele za usiku wa manane zinawaamsha kwa pamoja. Taa wanazo wote. Nia ya kumlaki wanayo wote. Kinachowatenganisha ni chombo kidogo cha mafuta ya akiba, ambacho watano walikibeba na watano hawakukibeba.

Sasa kwa nini hawa wengine hawakukibeba? Uvivu haukuwa sababu, maana walitoka nyumbani taa mkononi, wakaenda kungoja na wenzao. Nadhani waliacha akiba kwa sababu walikuwa na hakika kwamba bwana harusi yuko njiani na anafika sasa hivi, na mtu mwenye hakika hiyo haoni haja ya kujitwisha mzigo wa ziada. Wapumbavu wa hadithi hii ni watu walioamini kwamba anakuja upesi. Wenye busara walikuwa na swali moja zaidi moyoni: na akichelewa je?

Msomaji mzuri wa Biblia atanikatiza hapa. Sura moja nyuma, atasema, yupo mtumwa mwovu aliyejiambia kwamba bwana wake anakawia, akaanza kuwapiga watumwa wenzake na kukaa na walevi. Je, huyo naye hakuwaza juu ya kuchelewa? Aliwaza sana. Ndiyo maana nafurahi kwamba Mathayo aliziweka hadithi hizi mbili zikifuatana. Kuchelewa ni kulekule. Mmoja aliona ndani yake nafasi ya kupiga watu. Wengine waliona sababu ya kununua mafuta. Utayari wa Mkristo, kwa jinsi ninavyousoma, unapimwa katika muda huo ambao haukuwemo kwenye ratiba.

Mimi ni Mlutheri. Kwetu habari ya kurudi kwa Bwana ina msimu wake. Mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba yanaingia Majilio, kitambaa cha zambarau kinatandikwa madhabahuni, na Jumapili ya kwanza masomo huwa hayana hata harufu ya Krismasi: ni habari za mwisho wa nyakati, gharika ya Nuhu, bawabu aliyeachwa mlangoni na mwenye nyumba asiyesema atarudi saa ngapi. Nje madukani mapambo yameshatundikwa na nyimbo za kengele zinapigwa. Ndani tunaambiwa tukeshe. Tunaitika amina, matangazo yanasomwa, mnada wa mahindi na kuku unaanza, tunarudi nyumbani. Kila Jumapili tunakiri katika imani yetu kwamba atarudi kuwahukumu watu, na tunalikiri kwa sauti ileile tunayotumia kukubaliana kwamba mvua za mwaka huu zimechelewa.

Lakini niliolewa Upareni, kwenye ukoo wa Wasabato, na huko nikakutana na Wakristo ambao kwao kurudi kwa Yesu hakungoji Majilio. Kumo katika jina la kanisa lao, Waadventista. Kumo katika makambi yao ya kila mwaka, na katika efoti, mikutano yao ya injili, ambako mwinjilisti husimama mbele ya mchoro wa sanamu ya Danieli, kichwa cha dhahabu hadi nyayo za chuma na udongo, akionyesha kwa fimbo kwamba historia imeshafika kwenye vidole. Mwanzoni nilidhani watu wa namna hiyo wataishi kama abiria wa stendi, mizigo imefungwa, macho barabarani. Nilikuta kinyume chake, na ili kueleza nilichokikuta inabidi nirudi nyuma hadi kwa mkulima mmoja wa Marekani.

William Miller alikuwa na shamba huko Low Hampton, jimbo la New York. Alikuwa Mbatisti, aliwahi kupigana vita dhidi ya Waingereza, na baada ya vita akajifungia na Biblia yake. Katika sura ya nane ya Danieli alikuta siku 2,300, akazihesabu kuwa miaka, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo, na hesabu ikamleta karibu na mwaka 1843: ndipo Yesu angerudi. Mwaka ule ulipopita, mwenzake Samuel Snow akaipigia hesabu upya, ikapatikana tarehe kamili: 22 Oktoba 1844. Makumi ya maelfu ya watu walimsadiki. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wakulima, wachungaji, wenye maduka, watu waliojua kusoma na kuhesabu.

Katika masimulizi ya wakati ule kuna shamba la viazi ambalo nimelipenda. Lilikuwa la Leonard Hastings, mkulima wa New Hampshire. Wakati wa kuvuna ulifika, majirani wakachimba viazi vyao, yeye akaviacha ardhini. Alitaka shamba lenyewe lihubiri: mtu anayemngoja Bwana mwezi huu atahitaji viazi vya nini mwezi ujao? Tarehe 22 ikafika, jua likachwa, usiku wa manane ukapita. Hiram Edson, aliyekuwa akingoja na wenzake huko Port Gibson, aliandika baadaye kwamba walilia mpaka kukacha. Kesho yake maziwa yalikuwa yanataka kukamuliwa. Husimuliwa pia kwamba mwaka ule viazi vilivyowahi kuvunwa viliharibiwa na ugonjwa, na vile vya Hastings, vilivyokaa ardhini, vikatoka vizima akaviuza kwa bei nzuri. Sijui nimshukuru nani kwa mwisho kama huo. Mahubiri ya shamba lake yalishindwa, biashara ikafaulu.

Wengi waliokata tamaa siku ile walirudi makanisani walikotoka au hawakurudi kokote. Wachache walibaki wakiisoma tena Biblia, na baada ya muda walijikataza kutaja tarehe. Mwaka 1863, huko Battle Creek, Michigan, waliunda kanisa la Waadventista wa Sabato. Walikuwa kama 3,500 tu. Ni watu ambao bwana harusi wao alikuwa ameshachelewa hadharani, mbele ya jirani wenye kucheka, na kwa hiyo walilazimika kujifunza jambo ambalo sisi wa madhehebu makongwe tulijifunza taratibu hata tukasahau kwamba tulijifunza: namna ya kuamini kwamba anakuja huku ukiishi kana kwamba hatakuja leo.

Mwaka 1903 wamisionari wao Wajerumani walipanda milima ya Upare, wakaanza kazi Giti. Miaka mitatu baadaye Mkanada Arthur Carscallen, pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, walifika Gendia, karibu na ghuba ya Kendu upande wa Kenya. Watu hawa walikuwa na hakika kwamba kizazi chao ndicho cha mwisho. Unatarajia wafanye nini? Wapite vijijini wakipiga mbiu, wabatize upesi, wasonge mbele. Mbiu waliipiga. Lakini mmoja wao wa Upare, Ernst Kotz, alikaa chini na wazee akaandika sarufi ya Kipare, iliyochapwa Berlin mwaka 1909. Carscallen naye akaandika ya Kiluo. Kwangu hili ni jambo la ajabu kuliko sanamu ya Danieli. Mtu anayeamini kwamba mbingu zitakunjwa wakati wowote amekaa barazani anapanga ngeli, anamuuliza mzee wingi wa neno fulani, mzee anacheka, anamrudishia tena, anaandika, anafuta. Sarufi haiandikwi na mtu mwenye haraka. Ni mafuta ya usiku mrefu kabisa, kwa sababu atakayefaidi ni mtoto ambaye bado hajazaliwa. Gendia wakajenga mtambo wa uchapaji, Kendu hospitali, na kila walikokwenda wakaweka shule. Ukuta wa hospitali ni ungamo la imani la aina yake. Unakiri kwamba kesho kutakuwa na wagonjwa.

Mama mkwe wangu ni mzao wa kazi hiyo, na yeye ndiye aliyenionyesha jinsi utayari unavyofanyika kwa mikono. Wasabato wanaiita Ijumaa siku ya maandalizi, na nyumbani kwake Mamba sijawahi kuona siku yenye shughuli kama hiyo. Makande yameshainjikwa mafigani tangu asubuhi, kwa sababu Jumamosi hapikwi. Kuni zimepasuliwa na kupangwa. Ndoo zote zimejaa. Viatu vya nyumba nzima vimepangwa ukutani kuanzia cha babu hadi cha mjukuu, na mtoto mmoja amepewa brashi na dawa ya viatu, na hatatoka pale mpaka vyote ving'ae. Pasi ya mkaa inapepewa mlangoni, na kabla ya kuigusisha kwenye shati jeupe la Baba, Mama anailaza kwanza kwenye kitambaa kibovu ili kama kuna jivu lidondokee huko. Anasema jivu la pasi ni kama dhambi ya siri, linaonekana ukishafika kanisani.

Kisha hufuata jambo ambalo nilichukua muda kulielewa. Alasiri anamwita mtoto, anamfungia pesa kwenye pindo la leso, anamtuma dukani. Si kununua, maana vya kununua vilinunuliwa Alhamisi. Anamtuma kulipa. Kilo ya sukari aliyoichukua Jumanne, kiberiti cha Jumatano, nauli aliyoazimwa na jirani. Nilipomuuliza kwa nini asisubiri Jumapili, duka si liko palepale, alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anafunga mlango usiku.

"Mwanangu, Sabato ikinikuta na deni la watu, nitaimba nini?"

Milimani jua halizami kwa adabu. Mlima wa magharibi unalimeza kabla ya saa iliyoandikwa kwenye kalenda ya kanisa, na katika nyumba ile huwa kuna ubishi kidogo: je, Sabato imeingia au jua limejificha tu? Vijana hufuata kalenda, maana inawapa dakika za ziada za kumalizia kufua. Mama hufuata mlima. Kivuli kikishafika uani, kilichokwisha kimekwisha na kisichokwisha kitabaki hivyo hivyo: shati ambalo halijapigwa pasi litavaliwa na mikunjo yake. Nimeona kitenge kikiachwa nusu ndani ya beseni. Kila wiki, basi, nyumba ile hufanya jaribio la mwisho wa dunia, mwisho mdogo wenye saa inayojulikana, na asubuhi ya Jumapili dunia inaanza tena na majembe yanatoka.

Ilikuwa Jumapili moja kama hiyo nilipomkuta Mama, umri wake umekwenda, akichimba shimo la mche wa parachichi nyuma ya shamba la tangawizi. Nilijiandaa kusikia hekima. Nilimuuliza, kwa kumchokoza kidogo, imekuwaje mtu anayesema Yesu yu karibu anapanda mti utakaozaa miaka ijayo. Akanijibu kwamba maparachichi siku hizi yana soko, na ada za wajukuu hazipungui. Basi. Akaniomba nimpe samadi.

Wapo wanaopenda kusimulia kwamba Martin Luther alisema angepanda mti wa tufaha hata kama dunia ingeisha kesho. Sisi Walutheri tunalipenda neno hilo mno, tunaliandika kwenye kalenda na fulana. Kwa bahati mbaya halimo katika maandishi yake. Wachunguzi wamelikuta kwa mara ya kwanza mwaka 1944, kwenye waraka wa Wakristo wa Ujerumani waliokuwa katikati ya vita. Mimi jibu la mama mkwe linanitosha, tena ninalipenda zaidi kwa sababu halikusemwa ili likumbukwe.

Si kila anayengoja anangoja hivyo. Paulo aliligundua hilo mapema kabisa. Barua zake kwa Wathesalonike ni miongoni mwa maandishi ya zamani zaidi ya Agano Jipya, na tayari humo wamo watu walioacha kazi, wakawa wanajishughulisha na yasiyowahusu. Paulo, fundi wa mahema ambaye mikono yake ilikuwa na sugu, hakuwapa hesabu mpya ya nyakati. Aliwaambia wafanye kazi kwa utulivu wale chakula chao wenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hilo limekuwa na bei ambayo Paulo hakuiona. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, kikundi kilichojiita cha kurudisha Amri Kumi za Mungu kiliwafundisha watu kwamba dunia ingekwisha na mwaka 1999. Watu waliuza mashamba na mifugo, mali ikaenda kwa viongozi. Januari 2000 ikaingia na jua lake la kawaida. Inasimuliwa kwamba ndipo baadhi walipoanza kuuliza habari za mali zao. Tarehe 17 Machi mwaka huohuo kanisa lao liliteketea kwa moto, milango na madirisha yamefungwa kwa misumari, mamia ya watu wakiwa ndani. Baadaye maiti nyingine zikafukuliwa kwenye mashimo ya nyumba za viongozi. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ikafukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watoto. Wachache waliookolewa walisimulia mafundisho ya kufunga chakula hadi kufa ili kukutana na Yesu. Kiongozi wao, Paul Mackenzie, aliyekuwa ameshahubiri sana dhidi ya shule na hospitali, alikamatwa Aprili mwaka huo na mahakamani akakana mashtaka.

Nimesikia Wakristo wakisema kwamba wale walikuwa na imani kupita kiasi. Sikubaliani nao. Kiasi cha imani hakikuwa tatizo. Tazama walichonyang'anywa na utaratibu wake: kwanza shule ya mtoto, kisha kadi ya kliniki, shamba, mbuzi, mwishowe sahani. Kila kimoja kati ya hivi ni akiba ya kesho. Mhubiri anayekuambia kwamba hutaihitaji kesho anakuondolea chupa ya mafuta mkononi, na mara nyingi ana mahali pa kuipeleka. Sisemi hili kwa kuwacheka walioingia msituni. Walikuwa na njaa ya haki, madeni, wagonjwa wasiopona, serikali isiyowaona. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba yote yanaisha wiki ijayo, husikia habari njema. Wachungaji wetu wenye vipaza sauti waliwaambia wangoje gari na visa.

Na sisi wa mjini tuna usingizi wetu wenye kelele. Wakati wa korona simu yangu ilijaa sauti za watu nisiowajua wakieleza kwamba chanjo ni chapa ya mnyama, na kabla ya hapo ilikuwa msimbopau wa kwenye sabuni, na kabla ya hapo kadi ya benki. Nimekesha makanisani usiku wa 31 Desemba, nimeona watu wakilia na kugaagaa saa sita usiku, kisha saa kumi na moja alfajiri wakagombania daladala kwa viwiko. Mkesha una faida zake, na mimi nitakwenda tena. Lakini wale wanawali watano walilala usingizi mzuri kabisa na bado wakaingia harusini.

Ninayoyaona karibu zaidi na mafuta yale yalitokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Kwenye kituo cha Waanglikana, kukiwa na hospitali aliyoiongoza daktari Joe Church, Waganda na Wanyarwanda wachache walianza kuambiana ukweli. Mmoja wao, Blasio Kigozi, mwalimu kijana, alifariki Januari 1936, kabla hajaona moto aliosaidia kuuwasha ukivuka mipaka: Kigezi, Ankole, Buganda, Burundi, Bugufi, hadi kwa Walutheri wenzangu wa Bukoba na mbali zaidi. Tunawaita walokole. Vitabu vya historia hupenda nyimbo zao na machozi yao. Ila jirani zao, wasiookoka, walikumbuka jambo jingine: watu walianza kurudisha vitu. Mtu alikuja kwa mwajiri na kijiko alichoiba zamani. Mwingine alikwenda kwa karani kulipa kodi aliyoikwepa. Ng'ombe waliopatikana kwa ujanja wakarudishwa zizini kwa mwenyewe. Mume akamkiri mkewe jambo ambalo hakuna aliyekuwa analijua, na mmisionari Mzungu akasimama mbele ya Waafrika akakiri kwamba alikuwa akiwadharau.

Hayo yalifanyika pasipo tarehe. Hakuna aliyewaambia kwamba Bwana anakuja Alhamisi. Waliishi kana kwamba anaweza kuingia wakati wowote na kuuliza, kijiko hiki cha nani? Mambo yalikuja kuzidi, kama kawaida yetu: miaka ya 1970 kundi moja la walokole wa Uganda lilikaza kamba hata kukopa kukawa kosa, na wakatengana na wenzao. Hata hivyo nikimfikiria mama mkwe na lile pindo la leso, ingawa ni Msabato na hajawahi kukanyaga ibada ya walokole, naona ni watu wa nyumba moja. Kwao kumngoja Kristo kuna anwani ya mtu fulani anayedai.

Bado kuna mahali hadithi ya wanawali inaniudhi, na sitaki kupita kimya. Wale wapumbavu wanaomba mafuta kidogo, na wenye busara wanakataa, waende wakanunue. Kwetu sisi tuliokulia mahali ambapo moto wa jirani unaombwa kwa kigae na chumvi haina mwenyewe, jibu hilo ni aibu. Katika nyumba ya bibi yangu aliyenyimwa mafuta ya chemli angekuwa habari ya kijiji kizima. Yesu anayewaambia watu watoe kanzu pamoja na joho anawezaje kuwasifu wanawake wachoyo?

Yohana Krisostomo, aliyewahubiria watu wa Antiokia katika karne ya nne, alisema mafuta yale ni huruma na sadaka kwa maskini. Augustino, huku Afrika ya kaskazini, alisema ni upendo. Nikiwafuata hao wawili, ugumu unageuka kidogo. Huwezi kumwazima mtu usiku wa manane ule unga ambao yeye hakumpimia mjane mwaka juzi. Hakuna namna ya kumkopesha mwenzako kijiko alichokirudisha mwingine. Yale mafuta yenyewe ndiyo kutoa, na muda wa kuyanunua ulikuwa ule ambao bwana harusi alikuwa anachelewa. Sijatosheka kabisa na maelezo haya. Mlango uliofungwa bado ni mlango uliofungwa, na waliobaki nje ni wanawake waliokuwa wametoka kwenda kumlaki. Ila naona kwamba Mathayo mwenyewe anaendelea huko, maana sura haijaisha kabla hajafika kwa kondoo na mbuzi, ambapo walioalikwa ndani wanashangaa. Walilisha wenye njaa, walikwenda magerezani, na hawakujua hata kidogo kwamba Bwana waliyekuwa wakimngoja ndiye waliyekuwa wakimpakulia. Wamemlaki miaka mingi bila kujua wamemlaki.

Mwezi uliopita mwanangu mdogo, aliyerudi likizo kutoka kwa bibi yake na lesoni ya watoto ya Shule ya Sabato chini ya kwapa, aliniuliza kama Yesu akija atatukuta sisi ni Walutheri au Wasabato. Nilimwambia atatukuta jikoni. Halikuwa jibu, na yeye aliliona hilo, kwa hiyo tukafungua Matendo ya Mitume sura ya kwanza, nikamsomea habari za wale mitume juu ya mlima wa Mizeituni, wingu limeshamchukua Bwana wao, shingo zimekaza kutazama juu. Wanaume wawili wenye mavazi meupe wanawauliza kwa nini wamesimama wakitazama mbinguni, wanawaahidi kwamba atarudi, na hawataji lini. Mwanangu akataka kujua walifanya nini baada ya hapo. Tukaendelea kusoma. Walishuka mlimani, wakapanda chumba cha ghorofani wakasali, na siku zile Petro akasimama katikati ya watu kama 120 kueleza kwamba nafasi ya Yuda iko wazi na lazima ijazwe. Wakapendekeza majina mawili. Wakapiga kura, akapatikana Mathiya.

"Yaani walifanya mkutano?" mwanangu akauliza.

Walifanya mkutano.